Simu ya Android na kompyuta ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kunakili mafaili

Tangu Windows 10 ifike mwisho wa msaada wake wa kawaida, Oktoba 14, 2025, laptopu nyingi za mtumba hapa Chake Chake zimehamia Linux, khasa Mint na Ubuntu. Nyingine nimeziwekea mimi. Mwenye laptopu akirudi kwangu wiki ya pili, mara nyingi swali lake si la intaneti wala la printa. Ni la simu: "Nimeichomeka, haionekani."

Maswali yaliyo hapa ni yale yanayojirudia, nikayapanga kuanzia mepesi hadi magumu. Amri zimeandikwa kwa Ubuntu, Mint na Debian. Penye tofauti nimesema. Kama una haraka, anza na maswali ya 1 na 2, kwani wengi wanaokuja kwangu tatizo lao linaishia hapo. Na kabla ya kugusa picha yoyote usiyotaka kuipoteza, soma swali la 12.

## Mwanzo kabisa

1. Simu inaingia chaji tu, kompyuta haioni kitu. Nifanyeje?

Fungua simu kwa namba yako ya siri au alama ya kidole, kisha vuta skrini kutoka juu kwenda chini. Utaona arifa inayosema simu inachajiwa kupitia USB. Iguse, halafu chagua kuhamisha faili. Kama simu yako imewekwa Kiingereza, chaguo hilo limeandikwa "File transfer", na kwenye simu nyingine "File transfer / Android Auto".

Android imewekwa hivyo makusudi. Ukiomba chaji kwenye kompyuta ya mtu dukani au kwenye boti, hutaki kompyuta ile isome picha za nyumbani kwako bila ruhusa. Kwa hiyo kila unapochomeka, simu huanza na chaji peke yake na kukusubiri wewe.

Ukichoka kuchagua kila mara, nenda Mipangilio, tafuta maelezo ya simu, gusa "Nambari ya muundo" mara 7. Utapata "Chaguo za wasanidi programu", na ndani yake kuna mahali pa kuweka hali ya kawaida ya USB. Hata hivyo bado utatakiwa kufungua skrini.

Kama arifa yenyewe haitokezi kabisa, usihangaike na mipangilio. Nenda swali la 2.

2. Nitajuaje kama kasoro ni ya waya?

Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi za bei rahisi zina mbili za umeme tu. Kwa hiyo simu kuingia chaji si ushahidi wa chochote kuhusu data, na kwa nje waya mbili zinaweza kufanana kama mapacha.

Usikisie. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sudo dmesg --follow`, kisha ndipo uchomeke simu na utizame kinachoandikwa.

Kisipoandikwa kitu, waya hauna data, au tundu la kompyuta limekufa. Badilisha tundu kwanza, kisha waya. Ukiona mstari wenye maneno `new high-speed USB device number`, waya ni mzima. Kasoro itafute kwenye maswali ya 4 hadi 6. Ukiona `device descriptor read/64, error -71`, nyuzi za data zipo lakini mawasiliano yanakatika: waya umechoka, umelegea, au tundu la simu ni chafu.

Hilo la uchafu lisipuuzwe katika visiwa hivi. Alikuja bwana mmoja wa Wesha, simu yake huikalisha mfuko wa suruali akienda pwani. Alishanunua waya tatu. Nilizima simu, nikamulika tundu kwa tochi, nikachokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Ukatoka mgando wa pamba za nguo na mchanga, ukubwa wa punje ya mchele, umeshindiliwa kila anapochomeka chaja. Baada ya hapo waya wake wa kwanza kabisa uliingia mpaka mwisho, na simu ikaonekana. Pini za umeme zilikuwa zikigusa, za data hazigusi.

Usitumie sindano wala pini ya chuma. Utapinda vile vibati vya ndani. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na hewa yetu ya bahari ina chumvi ya kutosha. Ukiona kutu ya kijani kwenye vibati, mpelekee fundi wa simu.

Ukienda kununua waya, Darajani au popote, mwambie muuzaji unataka wa data, ujaribu hapo hapo kabla ya kulipa. Ukiupata ulio mzuri, ufunge uzi mwekundu ili usichanganyike na waya za chaji za nyumba nzima.

3. Simu za zamani zilionekana kama flashi. Kwa nini za sasa haziko hivyo?

Zamani simu iliazima hifadhi yake yote kwa kompyuta. Wakati kompyuta imeishika, simu yenyewe haikuweza kuitumia: programu zilizokuwa humo zilisimama, na ukichomoa ghafla hifadhi iliweza kuharibika. Kuanzia Android 3.0, mwaka 2011, ulianza kutumika utaratibu wa MTP, uliotengenezwa na Microsoft kwa ajili ya vifaa vya muziki na video.

MTP ni kama duka la mtaani lenye kaunta. Huingii ndani ukajichotea unga mwenyewe. Unaomba, muuzaji anakupa. Kompyuta huomba faili, simu hulitoa. Ndiyo maana huwezi kufungua hati iliyo ndani ya simu ukaihariri na kuihifadhi hapo hapo bila matatizo. Inakili kwenye kompyuta, ihariri, kisha irudishe. Na ndiyo maana pia mteja huhudumiwa mmoja kwa wakati, jambo linaloleta makosa ya swali la 6.

4. Ni lazima niweke programu yoyote kwenye Linux?

Kwa kawaida hapana. Ubuntu na Mint huja na `gvfs-backends`, ambayo ndani yake mna MTP. Fedora na Arch huita pakiti hiyo `gvfs-mtp`. Wanaotumia KDE (aina nyingine ya mwonekano wa Linux) wanahitaji `kio-extras`. Kama uliweka mfumo mwepesi sana uliopunguzwa vitu, huenda pakiti hizo hazimo. Ziweke kwa `sudo apt install` ikifuatwa na jina la pakiti, kisha toka na uingie tena kwenye akaunti yako.

Ukitaka kuthibitisha kwamba kompyuta inaiona simu kama kifaa, andika `lsusb`. Samsung nyingi, kwa mfano, huonekana na namba `04e8:6860`. Ukiiona simu kwenye orodha ile lakini haimo kwenye kidhibiti faili (programu inayoonyesha mafolda yako), kasoro ni ya programu wala si ya waya.

## Simu inaonekana, mafaili hayaonekani

5. Jina la simu limetokea, lakini nikilifungua ni tupu.

Simu imejifunga. Mafaili ya Android ya sasa yamesimbwa (yamefungwa kwa siri), na simu haitoi orodha mpaka skrini ifunguliwe. Ifungue, rudi kwenye kompyuta, funga dirisha ulifungue tena. Ikiwa bado ni tupu, chomoa waya, chomeka, chagua tena kuhamisha faili kama swali la 1.

6. Napata ujumbe "Unable to open MTP device". Maana yake nini?

Mara nyingi ina maana kuna programu nyingine imeshaishika simu. Kidhibiti faili huikamata mara tu unapochomeka. Ukifungua na programu ya picha, au ukaandika `mtp-detect` kwenye terminali, ya pili hukataliwa.

Funga madirisha yote yanayoonyesha simu. Kisha andika `pkill -f gvfsd-mtp`, chomoa simu, hesabu mpaka kumi, chomeka tena. Ikishindikana, izime na kuiwasha simu. Watu huwasha upya kompyuta na kuiacha simu, kumbe upande wa simu nao unaweza kukwama na kudhani bado inahudumia mteja wa kwanza.

Kama kidhibiti faili chako kinasumbua kila siku, jaribu njia nyingine ya MTP: `sudo apt install jmtpfs`, kisha `mkdir ~/simu` na `jmtpfs ~/simu`. Mafaili yataonekana ndani ya folda `simu`. Ukimaliza, andika `fusermount -u ~/simu` kabla ya kuchomoa.

7. Picha za jana zipo, za leo hazipo.

Simu haisomi hifadhi yake upya kila ukichomeka. Hutoa orodha kutoka kwenye rejista yake ya ndani. Faili lililohamishwa na programu fulani linaweza kuwa halijaandikwa humo. Chomoa na uchomeke tena kwanza. Isipotosha, zima na uwashe simu.

Kuna sababu nyingine inayowatisha watu bure. Kama uliwahi kubonyeza kitufe cha kupunguza nafasi kwenye Google Photos, picha unazoziona kwenye programu hiyo huenda zimo kwenye akaunti yako ya mtandaoni, na ndani ya simu hazimo tena. Waya hauwezi kuleta kisichokuwepo. Zishushe kupitia mtandao kwanza.

8. Picha na sauti za WhatsApp ziko wapi?

Kwenye simu za Android 11 na kuendelea: `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`. Kwenye simu za zamani: folda `WhatsApp/Media` pale mwanzoni. Sauti za kurekodi zimo ndani ya `WhatsApp Voice Notes`, na mwisho wa jina lake ni `.opus`, VLC inazifungua.

Akina mama wengi huuliza hili kwa ajili ya sauti za wazazi waliofariki. Kama nawe ni hivyo, zinakili leo, usingoje simu iharibike.

## Kasi, kukwama na mafaili makubwa

9. Kunakili kunaanza vizuri, katikati kunasimama.

Angalia mambo haya kwa mpangilio. Skrini ya simu isizime. Ongeza muda wake au iguse mara kwa mara. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyo cha USB. Waya usitikisike, simu iweke mezani, usiishike mkononi ukijibu ujumbe.

Kisha tizama idadi. Folda ya `Camera` yenye picha elfu kadhaa huichosha MTP, maana kabla ya kunakili chochote kompyuta huomba habari za kila faili, moja moja. Nakili mafungu ya mia mbili au tatu. Kwa waliowahi kupiga picha msimu mzima wa karafuu, kila jamvi na kila gunia, mafungu huchosha pia. Hapo nenda swali la 15.

Kwenye laptopu zenye programu ya kubana umeme iitwayo TLP, matundu ya USB huweza kulazwa usingizi. Fungua `/etc/tlp.conf`, weka `USB_EXCLUDE_PHONE=1`, kisha washa upya.

10. Kwa nini ni polepole hivi?

Simu nyingi za bei ya kati, hata zenye tundu la aina ya C, ndani ni USB 2.0. Kasi yake ya karatasini ni megabiti 480 kwa sekunde. Kwa vitendo usitarajie zaidi ya megabaiti 40, na kwa mafaili madogo madogo hupungua sana. Video moja ya gigabaiti moja hupita haraka kuliko picha elfu zenye uzito huo huo.

11. Video ya harusi haikubali kuingia kwenye memori kadi, na nafasi ipo tele.

Kadi yako imeumbizwa (format) kwa FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kadi ikiwa na 30 zilizo wazi. Kadi za gigabaiti 32 kushuka chini kwa kawaida huja hivyo. Za 64 kupanda juu huja na exFAT, isiyo na kikomo hicho. Linux inaisoma exFAT yenyewe, bila kuongezewa kitu, tangu kiini chake (kernel) cha 5.4 cha mwaka 2019.

Njia ya haraka ni kuiweka video kwenye hifadhi ya ndani ya simu. Njia ya pili ni kuikata vipande:

`split -b 3G harusi.mp4 harusi.kipande.`

na kuiunga upya ukifika kwenye kompyuta nyingine:

`cat harusi.kipande.* > harusi.mp4`

Vipande peke yake havichezi; ni vya kusafirishia tu. Kuiumbiza kadi upya kwa exFAT pia kunatibu, lakini hufuta kila kilichomo.

12. Nimekata na kubandika, umeme ukazimika katikati. Picha zimeenda wapi?

Hili limenipata mimi mwenyewe, na ndilo linalonifanya nimwambie kila mtu: nakili, usikate.

Ilikuwa picha za harusi ya binamu yangu, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Nilichagua zote, nikakata, nikabandika. Zilipofika kama nusu, umeme ukazima. Ulipowaka, picha kadhaa hazikuwepo kwenye simu, na kwenye kompyuta majina yalikuwepo lakini mafaili yana baiti sifuri.

Sababu yake ni hii. Linux ikipokea faili huliweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huliandika kwenye diski baada ya sekunde kadhaa. Kidhibiti faili huona kazi imekwisha, hufuta la kwenye simu, huku diski bado haijaandika. Umeme ukikatika katika sekunde hizo, faili halipo pande zote mbili.

Kwa hiyo nakili. Ukimaliza andika `sync` kwenye terminali usubiri irudi. Kisha hakiki (badala ya `~/Picha/harusi` weka folda yako): `find ~/Picha/harusi -type f | wc -l` itakupa idadi, na `find ~/Picha/harusi -size 0` itakuonyesha yaliyo matupu. Fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kwa vitu visivyorudi tena, weka na nakala ya pili kwenye flashi au diski ya nje. Ndipo ufute kwenye simu.

Kama limeshakufika, acha kupiga picha mpya kwa simu ile, na uangalie kwanza kwenye pipa la taka la programu ya picha na kwenye akaunti ya mtandaoni.

13. Faili moja linakataa kuingia kwenye simu, mengine yote yanaingia.

Tizama jina lake. Linux inakubali karibu alama yoyote, lakini hifadhi ya simu haitaki `:` wala `?` wala `*` wala `"` wala `<` `>` `|`. Hati iitwayo "Kikao cha skuli 10:30" haiingii. Ibadilishe iwe "Kikao cha skuli 10.30".

14. Picha zimefika salama lakini kompyuta haizifungui.

Angalia mwisho wa jina. Ukiona `.heic`, simu yako inapiga kwa mfumo mpya unaobana nafasi, weka `heif-gdk-pixbuf`. Video zisizocheza kwenye programu ya kawaida jaribu kwa VLC au mpv. Ikiwa faili ni la baiti sifuri, rudi swali la 12.

## Njia zisizopitia MTP

15. MTP imenishinda. Kuna njia nyingine ya waya?

Ipo, na kwa mafaili mengi mimi huitumia kuliko MTP: inaitwa `adb`. Iweke kwa `sudo apt install adb`. Kwenye simu, ndani ya "Chaguo za wasanidi programu" (njia ya kuzifikia iko swali la 1), washa "Utatuzi wa USB". Chomeka, kisha simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hii. Kubali.

Kuleta picha zote za kamera kwenye kompyuta:

`adb pull -a /sdcard/DCIM/Camera ~/Picha/`

Ile `-a` hutunza tarehe za mafaili. Kupeleka faili kwenye simu:

`adb push maulidi.mp3 /sdcard/Music/`

Ukimaliza zima Utatuzi. Mlango huo ni mkubwa. Kompyuta iliyoruhusiwa inaweza kuweka na kutoa programu kwenye simu yako. Kwenye kompyuta ya duka usikubali kamwe kuaminiwa kwa kudumu.

16. `adb devices` inasema "unauthorized" au "no permissions".

"Unauthorized": simu inakusubiri ukubali, na skrini imezima. Ifungue. Kama swali halitokezi, gusa "Batilisha uidhinishaji" kwenye chaguo zile zile, chomoa, chomeka.

"No permissions": ni upande wa Linux. Weka `android-sdk-platform-tools-common`, ongeza akaunti yako kwa `sudo usermod -aG plugdev $USER`, toka na uingie upya, kisha `adb kill-server` kabla ya kujaribu tena.

17. Nikitumia njia isiyo na waya, itakula bando langu?

Haili, ukifanya sawasawa. Simu ikitoa hotspoti na laptopu ikajiunga nayo, faili linalotoka kwenye kimoja kwenda kingine halipiti kwa kampuni ya simu hata kidogo. Linalokula bando ni laptopu yenyewe: ikishaona intaneti, huanza kushusha masasisho. Kwa hiyo zima data ya simu, uiache hotspoti peke yake. Simu nyingi zinakubali.

Kati ya programu za kazi hii, LocalSend ndiyo nyepesi zaidi kwa anayeanza. Iweke pande zote mbili, hakuna akaunti ya kufungua. KDE Connect ina mengi zaidi, na kwenye GNOME, mwonekano wa Ubuntu ya kawaida, mwenzake ni GSConnect. Usipoteze muda kutafuta Quick Share (ile ya Android ya kutumiana mafaili) rasmi ya Linux, haipo.

Kama huna programu yoyote na unataka kutoa faili kwenye kompyuta kwenda simu, ingia kwenye folda husika kwa terminali, andika `python3 -m http.server 8000`. Pata anwani ya kompyuta kwa `hostname -I`, kisha kwenye kivinjari cha simu andika anwani hiyo ikifuatwa na `:8000`. Kila aliye kwenye mtandao huo anaweza kuiona folda ile, kwa hivyo ukimaliza bonyeza Ctrl+C.

18. LocalSend au KDE Connect ziko pande zote mbili, lakini havionani.

Hakikisha vyote viwili viko kwenye Wi-Fi moja, na VPN imezimwa. Wi-Fi za hoteli, mikahawa na baadhi ya vyuo huzuia vifaa kuonana hata vikiwa mtandao mmoja. Hapo tumia hotspoti ya swali la 17.

Kama umewasha ukuta wa kinga wa `ufw` (firewall), fungua milango inayotumiwa na programu hizi:

`sudo ufw allow 1714:1764/tcp`
`sudo ufw allow 1714:1764/udp`

Hiyo ni ya KDE Connect. Ya LocalSend ni `sudo ufw allow 53317`.

19. Na Bluetooth?

Kwa picha mbili tatu au namba za simu, sawa. Video ya gigabaiti moja itachukua zaidi ya saa nzima.

20. Nataka nakala za kila wiki, zinazochukua mapya tu.

Programu ya kunakili mapya tu ni `rsync`, lakini usiitumie juu ya MTP. Tarehe hazitabiriki, itanakili yote upya. Kwenye simu weka Termux (terminali ya Android) kutoka F-Droid (duka la programu huria), uandike ndani yake `termux-setup-storage`, kisha `pkg install openssh rsync`, kisha `passwd` kuweka neno la siri, na `sshd` kuwasha. Kwenye kompyuta, ukiweka anwani halisi ya simu:

`rsync -av -e "ssh -p 8022" 192.168.1.20:/sdcard/DCIM/ ~/Picha/simu/`

Mara ya kwanza hukaa sana. Wiki zinazofuata ni dakika chache.

## Hali ngumu

21. Kioo kimevunjika na picha zimo ndani.

Kama kinaonyesha lakini hakisikii kidole, chomeka mausi ya kompyuta kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG (kinachowezesha tundu la simu kupokea USB ya kawaida). Kishale kitatokea, fungua namba ya siri kwa mausi. Tundu ni moja, kwa hiyo baada ya hapo hamisha kwa njia za swali la 17.

Kama kimezima kabisa, lakini Utatuzi wa swali la 15 uliuacha umewashwa na kompyuta hiyo hiyo ulishairuhusu, weka `scrcpy`. Skrini ya simu itaonekana kwenye kompyuta. Kama sivyo, hakuna amri ya Linux itakayokusaidia, na atakayekuahidi vingine mwogope. Badilisha kioo. Mwambie fundi kwa maneno ya wazi kwamba asiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani.

22. Nimetoa memori kadi nikaitia kwenye kompyuta, inaniambia niiumbize.

Usikubali. Tangu Android 6.0 simu inaweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi yake ya ndani, na ikifanya hivyo huisimba. Kadi hiyo husomeka na simu ile tu. Irudishe kwenye simu, unakili kwa waya. Kama simu nayo haiioni, huenda kadi yenyewe ndiyo mbovu.

23. Nimeprinti dukani, nikirudi mafolda kwenye kadi yamegeuka njia za mkato (shortcut).

Hivyo ni virusi vya Windows. Kwenye Linux havifanyi kazi, na mafaili yako ya kweli mara nyingi bado yapo: kompyuta ile iliyaficha tu, na Linux haifuati ufichaji ule, kwa hiyo utayaona, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili pembeni, futa yote yenye `.lnk` na `.exe` usiyoyajua, kisha umbiza kadi.

24. Nimefanya yote, bado. Nikienda kwa msaada nichukue nini?

Chukua simu, laptopu na waya ule ule unaokusumbua. Wengi huacha waya nyumbani, na ndio ninaoutaka kwanza. Andika matoleo ya Android na Linux yako. Na kabla ya kuondoka, simu ikiwa imechomekwa, hifadhi majibu ya amri hizi mbili:

`lsusb > ~/simu-lsusb.txt`
`sudo dmesg | tail -50 > ~/simu-dmesg.txt`

Kwa mafaili hayo mawili mtu wa Wete anaweza kumsaidia mtu wa Makunduchi bila yeyote kupanda boti.